Kwa Idi wa Muleba, Kuhusu Fimbo ya Bwana Miluzi

Mnywani wangu Idi,

Usishtuke kuliona jina lako gazetini. Hujafa. Ni mimi, Leo wa Izimbya, na kama umeshaanza kulikunja gazeti hili ufungie nyama, ngoja kwanza usome. Ningeweza kuitia barua hii kwenye bahasha kama watu wenye adabu. Lakini nilikukosea mbele ya watu, na sioni haki ya kuja kukunong'oneza sikioni jambo ambalo mji mzima ulipaswa kulisikia. Nimemwomba mhariri asininyooshee Kiswahili changu. Unajua niliondoka shule ya katekista kabla hatujafika kwenye nukta na mkato, tena niliondoka kwa kupitia dirishani.

Nianze na hofu, maana hata nikianza na mengine itanirudisha hapo hapo. Tumbo langu limevimba. Mke wangu anasema ni pombe ya rubisi. Mganga wa zahanati aliligonga kwa vidole kama mtu anayechagua nanasi sokoni, akasema ni hewa. Wote wawili hawajui kitu, kwa sababu siku ile tulipokula omukago, kiapo cha damu cha kuwa wanywani, hawakuwapo. Wewe ulikuwapo. Ulinichanja kidogo karibu na kitovu, nami nikakuchanja, tukaipasua buni ya kahawa vipande viwili, kila mmoja akachovya chake katika damu ya mwenzake akameza. Tukaapa kutofichana neno, na atakayemdanganya mwenzake kahawa ile imvimbie tumboni. Padri wangu alisema ni ushenzi. Shehe wako alisema ni haramu. Tukacheka sana, tukasema jambo lililowakutanisha hao wawili bila ugomvi lazima liwe zuri.

Sasa sicheki. Kila asubuhi nalipima tumbo kwa mkanda. Wiki iliyopita nimetoboa tundu jipya.

Lakini tumbo ningelivumilia. Lililonitoa kitandani ni maneno ya dereva wa lori la kahawa anayepita kwenu. Alinikuta barabarani, akapunguza mwendo, akatoa kichwa nje.

"Ta Leo! Yule rafiki yako wa Muleba, Mvunja-Fimbo, binti yake amekwama."

"Amekwama wapi?"

"Kwenye posa. Wazee wa bwana harusi wamesikia baba yake aliharibu mali ya Mzungu akafukuzwa Bukoba. Wanasema hawachukui mke katika nyumba ya mtu asiyeaminika. Wamempa mzee nafasi ajieleze, na yeye hataki kusema neno."

Kisha akaondoka, akaniacha na vumbi lake. Idi, nilikaa chini pale pale barabarani. Binti yako Zaituni nilimwacha ana meno mawili ya mbele yamedondoka. Sasa ni mtu wa kuposwa, na anakataliwa kwa sababu ya mkono wangu na ulimi wangu.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuwa mwaka ule kabla vijana hawajachukuliwa kwenda vitani. Wewe ulikuwa fundi cherehani pale mjini, unashona suti za Wazungu na kanzu za watu wa msikiti wenu, babu yako alitoka pwani na hukuacha kutukumbusha. Mimi nilikuwa mbeba mizigo ya Bwana yule aliyekagua mashamba ya kahawa, ambaye jina lake lilitushinda ulimi, tukamwita Bwana Miluzi kwa vile alipiga miluzi tangu anaamka. Akifurahi alipiga, akikasirika alipiga, na sisi tulijifunza kutofautisha.

Meli ikaleta fimbo nne za kuvulia, zikawekwa kwenye duka la Mhindi karibu na bandari. Bwana alikuwa amelala na homa. Akatutuma sisi wawili, mimi kwa sababu nilikuwa mtu wake, wewe kwa sababu ulikuwa umemletea suruali ukakutwa umesimama. "Nileteeni iliyo bora. Nyingine zirudi."

Mae! Kumpa mkulima wa migomba kazi hiyo! Mimi najua mti. Mgomba ukibeba mkungu mzito unautegemezea mti usianguke, na mti wa kutegemezea una sifa moja tu duniani, haupindi. Basi nikazipima zile fimbo hivyo hivyo. Nikaisimamisha ya kwanza nikaiegemea. Ikapinda kama mkia wa mbuzi. "Mbovu," nikasema. Ya pili ikatikisika. "Mgonjwa." Ya tatu nyembamba kama kidole cha mtawa. Ya nne, nene, nzito, ilisimama kama askari wa bomani.

"Hii hapa!"

Wewe ukaizunguka. "Leo, hii ni ya kuvulia samaki au ya kupigia ng'ombe?"

"Samaki akileta kichwa kigumu atapigwa nayo."

Tukaibeba kwa zamu mpaka Kibeta kwa Bwana, jua linawaka, tunajisifu. Bwana akaitazama akiwa kitandani. Akapiga mluzi mmoja mrefu wa kushuka, kama wa ndege aliyeanguka mtini. "Leo," akasema, "hii ni ya kuvulia papa baharini. Papa wako yuko mto gani?" Kisha akajifunga blanketi kama mwali, akatoka na homa yake, akaturudisha dukani kwa miguu.

Pale ndipo tulipofundishwa, mbele ya Mhindi aliyekuwa akifuta machozi ya kicheko. Nakumbuka kila neno, maana nimelirudia wiki hii mpaka mke wangu ameniuliza kama nimerudi utotoni. Ishike kwenye mpini, uitikise kidogo tu, uache. Fimbo nzuri inatulia mara moja. Mbaya inaendelea kutetemeka kama mtu mwenye habari mbaya. Ipinde uone inapindaje: ianze nchani, ishuke katikati, uisikie mpaka kiganjani, lakini isikunjike mahali pamoja kama goti. Iweke juu ya kidole kimoja mbele ya mpini uone kama inazama upande wa ncha, kwa sababu ikizama hapo jioni bega litakuwa limekufa. Chomoa maungio yake ya shaba, yaachane kwa sauti ndogo ya kubusu. Na mwanzi wenyewe umepasuliwa vipande sita vikagundishwa, basi pitisha ukucha usikie kama kuna mahali pameachana.

Mimi nilisikiliza. Wewe hukusikiliza kabisa. Ulikuwa umeinamia zile pete ndogo zinazopitisha uzi, unakagua hariri iliyozifungia kwenye mwanzi.

"Hii imefungwa na mtu mwenye haraka," ukasema. "Hii imefungwa na mlevi. Lakini hii, Bwana, hii imefungwa na mtu mwenye mke mpole."

Bwana Miluzi akaichukua ile ya mke mpole, ambayo ndiyo ile niliyoiita mgonjwa.

Na ilivua! Msimu wa senene, mvua inaponyesha na wadudu wanajaa hewani mpaka watoto wanakimbia na vikapu, wewe ulikaa kwenye ngazi yako ukafunga senene wa uongo kwa uzi wa kijani na manyoya ya jogoo wa jirani, ambaye siku hizo alitembea uchi mkiani. Wazungu hawa hawatumii chambo cha kuliwa. Wanamtupia samaki mdudu wa nyuzi, na uzito wa kumfikisha uko kwenye kamba yenyewe, ndiyo maana fimbo lazima ijue kupinda. Tukaenda pale mto unapoingia ziwani. Bwana akarusha, senene wako akatua juu ya maji kama aliyechoka, na kuyu akamchukua, samaki mwenye sharubu na magamba makubwa kama sarafu. Fimbo ikawa nusu duara. Ukashika kichwa kwa mikono miwili unapiga kelele, "Uzi wangu! Asiukate uzi wangu!" Bwana akakupa fimbo uvute mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia kwa ajili ya samaki. Wiki ile ndiyo tuliyokula kahawa.

Haya. Nimezunguka vya kutosha. Mkono unaniambia nieleze kwanza bei ya kahawa na hali ya mvua, lakini hapana.

Mfuko wa fimbo ulichanika mdomo. Bwana akanipa, fimbo ikiwa ndani, niulete kwako uushone. Wewe ulijua nimetoka Kibeta moja kwa moja, kwa sababu ndivyo nilivyokuambia. Uongo. Nilipitia Nshambya kwa shemeji zangu, nikawakuta wanakunywa. Shemeji mkubwa akaniuliza hicho ninachokibeba kama mtoto ni kitu gani. Nikamwambia ni fimbo, na kwamba ninaweza kumvua kofia kichwani hapo alipo bila kuinuka kitini.

"Wewe?" akasema. "Wewe huwezi kuvua hata suruali yako."

Wakacheka. Ningekuwa na akili ningecheka nao nikaenda zangu. Nikaifungua, nikaiunga, nikatia uzi na ndoana. Nikarusha mara ya kwanza, nikavua jani. Mara ya pili ndoana ikapita juu ya kofia yake ikazama kwenye shina la mgomba. Nami, kwa hasira ya kuchekwa, nikavuta kama ninavuta mbuzi aliyegoma. Fimbo ikalia tak. Sauti ndogo tu. Shemeji akapapasa kichwa chake akasema, "Kofia yangu bado ninayo."

Nikachomoa ndoana, nikairudisha fimbo mfukoni vipande vyake vyote, nikakuletea. Nikaiweka juu ya meza ya cherehani. Nikasema maneno haya, nayakumbuka: "Mdomo tu ndio umechanika, usiufungue sana."

Jumamosi Bwana alikuja kuchukua. Varanda yako ilijaa watu, siku ya soko, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mtu mnene. Akafungua mfuko. Hakupiga mluzi. Hilo ndilo lililowanyamazisha watu, kwamba hakupiga mluzi.

"Nani?"

Wewe ukainua macho, ukanitafuta, ukaniona. Nikaangalia kidole changu cha mguu. Nilikiangalia kwa bidii, Idi, hata leo naweza kukichora. Ukamgeukia ukasema, "Ilikuwa mikononi mwangu, Bwana."

Akaondoka. Wazungu wenzake wakaacha kuleta suti, na bila suti zao duka lako lilikuwa kiti na cherehani. Na mimi, siku chache baadaye, watu wakanizunguka wananiuliza ilikuwaje, nami kwa woga wa kuulizwa zaidi nikatupa utani: "Ah, yule! Mwiteni Mvunja-Fimbo." Wakaangua kicheko. Mimi ndiye niliyelitunga jina hilo. Nimetunga majina ya watu wengi katika maisha yangu na nilijivunia, na hilo ndilo lililoshika kuliko yote. Limepanda lori na wewe mpaka Muleba, limekaa hapo linamsubiri Zaituni akue.

Siku ya kuhama nilikusaidia kufunga cherehani juu ya lori kwa kamba. Nilikaza fundo kwa kuvuta kwa nguvu. Ukanishika mkono ukasema, "Leo, siku nyingine usivute kwa hasira." Nikafikiri unasema habari za fundo.

Sasa sikiliza lililotokea Alhamisi hii. Bwana Miluzi amezeeka, anarudi kwao. Vitu vyake vimo masandukuni. Akaniita Kibeta, amepanga fimbo tatu juu ya meza ya varandani. "Umenibebea miaka yote," akasema. "Chagua moja iwe yako."

Palepale nikajua inakwenda kwa nani, na palepale nikaanza kuogopa. Niliwahi kuchagua mbele ya mtu huyu nikachagua ya papa. Nikaichukua ya kwanza, nikaitikisa kidogo nikaacha, kama tulivyofundishwa, nikangoja itulie. Haikutulia. Nikaiweka. Ya pili pia ikatetemeka. Ya tatu pia! Nikasema, hizi zote mbovu. Kisha nikaangalia vizuri, nikaona mpini umo mkononi mwangu na mkono wangu ndio unaotetemeka. Uzee, au woga, sijui. Bwana akaona, akageuza uso akatazama maua.

Basi nikakumbuka wewe. Nikakaa chini, nikavaa miwani, nikaacha mambo ya kutikisa. Nikakagua nyuzi za pete moja baada ya moja. Ya kwanza ilikuwa imefungwa na mtu mwenye haraka. Ya pili uzi ulikuwa umelala sawa, umebanana, varnishi juu yake haina povu. Nikaiegemeza ukutani nikaipinda polepole kwa mikono miwili, ili mtetemo wangu usiidanganye. Ikashuka toka nchani mpaka kiganjani. Nikapitisha ukucha. Nikaiweka juu ya kidole, ikakaa. Ni nyepesi, Idi. Nilichagua nyepesi kwa sababu na wewe mwenzangu umri umekwenda, hata kama utakana.

"Umejifunza," akasema Bwana. "Utavulia wapi?"

"Si yangu. Ni ya Idi." Halafu likatoka lote, Nshambya, kofia, mgomba, kidole cha mguu. Nilidhani atanipiga kwa mojawapo ya zile mbili zilizobaki.

Akasema, "Najua, Leo."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile. Ndani ya mfuko kulikuwa na doa la utomvu wa mgomba. Fundi yule hana migomba."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza kwa nini mimi sikusema. Nikamwomba basi aandike sasa, maneno mawili na sahihi yake, wale wakwe wayaone. Akatikisa kichwa. "Mimi nilinyamaza tu. Aliyesema uongo ni wewe. Andika wewe."

Niliporudi nyumbani njia nzima nilikuwa nafikiri jambo moja. Nani hapa kwetu hajui utomvu wa mgomba? Ukiingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo iishe. Na nani anaujua kuliko fundi, anayeletewa kanzu zenye madoa hayo kila siku? Mfuko ule ulikaa kwako siku tatu. Uliushona kwa mikono yako. Ulijua, Idi. Ulijua kabla Bwana hajafungua. Uliponitafuta kwa macho pale varandani hukuwa unaniuliza kitu, ulikuwa unanipa nafasi. Niliposhindwa ukaibeba wewe, kwa sababu ya kipande cha buni. Na leo wazee wa watu wanakupa nafasi ujieleze, nawe unanyamaza, unanibeba bado, huku binti yako analia chumbani.

Nishushe. Ninakuomba unishushe.

Wazee wa bwana harusi, kama mnasomewa hili: Idi hakuvunja kitu. Aliyevunja ni Leo wa Izimbya, na aliyedanganya ni huyo huyo, na jina mlilosikia ni la uongo, alilitunga yeye. Mtu mnayemwogopa ndiye mtu pekee katika habari hii nzima ambaye mngeweza kumwachia mlango wazi.

Fimbo imetangulia na lori la Ijumaa, nimeifunga kwenye majani makavu ya mgomba na nimemwapisha dereva. Usipoitaka, iache hapo ulipoiona, sitakuuliza. Mimi mwenyewe nitafuata. Nimeambiwa wakwe wanakuja kwa mara ya mwisho Jumapili baada ya hii. Nitakuwapo. Ninaogopa safari ile kuliko nilivyoogopa chochote, kwa sababu sijui utanitazama vipi, na sasa hakuna mtu mnene wa kujificha nyuma yake. Nikifika ukiona huwezi kunikaribisha sebuleni, usijilazimishe. Mwambie Zaituni anitandikie mkeka nje, upande wowote, mradi uwe karibu na dirisha. Nitayasemea hapo hapo, kwa sauti, mpaka wazee waniambie wamesikia.

Mnywani wako, aliyechelewa sana kufungua mdomo,

Leo, Izimbya